Usaha umeoteshwa, E. coli imeonekana: je, hiyo ni fistula?

Jipu limepasuliwa, usaha umetoka, na maumivu yaliyomkosesha mtu usingizi yamepungua ndani ya saa chache. Siku kadhaa baadaye anakabidhiwa karatasi ya maabara: Escherichia coli, imeota kwa wingi. Wasiwasi mpya unaanzia hapo. Akiuliza huku na kule anaambiwa kwamba bakteria wa utumbo wakionekana kwenye jipu la njia ya haja kubwa, fistula iko njiani, na kwamba fistula ni ugonjwa unaomrudisha mtu chumba cha upasuaji mara kwa mara. Mwingine aliyepasuliwa jipu la aina hiyohiyo ameandikiwa Staphylococcus aureus, bakteria wa ngozini, na kuambiwa ashukuru. Wa tatu usaha wake haukupimwa kabisa, na sasa anajiuliza kama hakutendewa haki.

Wote watatu wanastahili maelezo yaliyonyooka. Kipimo hiki cha kuotesha usaha, yaani kukuza bakteria waliomo ili watambulike, kina ukweli ndani yake, ila ukweli huo ni mdogo kuliko unavyosikika. Niseme mapema ninachokiamini: karatasi ile inaweza kumpunguzia mtu hofu, lakini haiwezi kumhukumu. Fistula ni njia iliyochimbika ndani ya nyama, na njia hutafutwa kwa kidole cha daktari, kwa macho yake na kwa picha. Sahani ya maabara haiioni.

Jipu linaanzia wapi

Ndani ya mfereji wa haja kubwa, kama sentimita mbili hivi kutoka nje, kuna mpaka kati ya ngozi ya chini na utando wa utumbo wa juu. Kwenye mpaka huo kuna vifuko vidogo, na ndani ya baadhi ya vifuko hivyo hufunguka mirija ya tezi zinazotoa ute. Kwa kawaida mtu ana tezi hizi kati ya sita na kumi. Baadhi zinaishia juujuu, chini tu ya utando. Nyingine hupenya msuli wa ndani unaobana haja na kuishia katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya msuli huo na msuli wa nje. Nafasi hiyo kati ya misuli miwili ndiyo kiini cha habari yote inayofuata, kwa hiyo msomaji aishike.

Mdomo wa tezi ukiziba, ute unakwama. Bakteria wa kinyesi wanaoishi jirani huzaliana humo, na usaha huanza kujikusanya kati ya misuli. Ukizidi, hutafuta pa kutokea penye upinzani mdogo. Ukiteremka, unatokeza chini ya ngozi pembeni kabisa ya tundu la haja, na hilo ndilo jipu linaloonekana zaidi. Ukipenya msuli wa nje, unaingia kwenye mafuta ya upande wa kitako, ambako nafasi ni kubwa na jipu linaweza kukua sana huku ngozi ikionyesha wekundu kidogo tu. Mara chache unapanda juu ya misuli ya sakafu ya nyonga, na hapo mtu anaweza kuwa na homa na maumivu ya ndani bila uvimbe wowote wa kuonekana. Unaweza pia kuzunguka kwa nyuma na kujitokeza pande zote mbili.

Tezi zenyewe zilikuwa zimeelezwa tangu karne ya 19, lakini aliyezipa uzito katika upasuaji ni Alan Parks, daktari wa Uingereza, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1961. Leo inakubalika kwamba majipu mengi mno ya eneo hili, takriban tisa kati ya kumi, chanzo chake ni tezi hizo. Yanayobaki yana vyanzo vingine: ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), kifua kikuu, jeraha, mfupa wa samaki uliomezwa ukakwama, ugonjwa wa majipu sugu ya makwapani na kwenye mapaja unaofika hadi huku chini, na mara chache saratani. Yapo pia majipu ya ngozi tu, yaliyoanzia kwenye kishimo cha unywele kama jipu la kwapani au la shingoni. Haya yametokea tu kuwa karibu na njia ya haja, hayana uhusiano nayo.

Njia isiyoziba

Fistula inayozungumzwa hapa si ile ya uzazi, ambayo mkojo au kinyesi huvuja ukeni baada ya uchungu wa muda mrefu. Hii ni mfereji mwembamba unaounganisha tundu la ndani, pale kwenye kifuko chenye tezi, na tundu la nje kwenye ngozi. Jipu na fistula ni nyakati mbili za ugonjwa mmoja: jipu ni wakati usaha umefungiwa, fistula ni wakati umepata njia na njia ikakataa kuziba. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianza na uvimbe mapema mwaka 1686. Miezi ikapita, kidonda hakikufunga, na tarehe 18 Novemba mwaka huohuo daktari wake Charles-François Félix akaifungua fistula kwa kisu, bila ganzi ya aina yoyote.

Ni wangapi kati ya waliopata jipu huishia na fistula? Tafiti zinatofautiana sana. Zipo zinazopata mtu mmoja kati ya sita, zipo zinazokaribia nusu, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni theluthi moja. Tofauti hii ina sababu: wengine waliwafuatilia wagonjwa miezi michache, wengine miaka, wengine walihesabu hata fistula iliyoonekana siku ileile ya kupasua, wengine hawakuihesabu. Nyingi hujitokeza ndani ya mwaka wa kwanza.

Msomaji makini atakuwa ameona swali hapa. Ikiwa majipu tisa kati ya kumi yanatoka kwenye tezi za ndani, mbona fistula isiwapate watu tisa kati ya kumi? Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba mara nyingi maambukizi yenyewe huiharibu tezi, na tundu la ndani hujifunga kwa kovu. Usaha ukishatoka nje, hakuna kinachoendelea kulisha kidonda, nacho hufunga. Fistula hutokea pale ambapo lile tundu la ndani limebaki wazi, au mfereji umejitandaza ngozi yake ya ndani na haushikani tena. Jambo hili ni muhimu sana kwa yanayofuata, kwa sababu linaonyesha kwamba bakteria wa utumbo wanaweza kuwamo kwenye jipu kwa haki kabisa, na bado fistula isiwepo.

Wazo lililoleta kipimo

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Uingereza walianza kuchapisha tafiti zilizouliza swali la busara: je, bakteria waliomo kwenye usaha wanaweza kutuambia jipu limetoka wapi? Roger Grace na wenzake walichapisha majibu yao mwaka 1982, na mwaka 1986 Grace na Susannah Eykyn, aliyekuwa mtaalamu wa vijidudu, wakarudia hoja hiyo. Walichoona kinaeleweka kirahisi. Usaha uliootesha bakteria wa utumbo, hasa Escherichia coli na Bacteroides fragilis, mara nyingi ulitoka kwa watu waliokuwa na fistula au walioipata baadaye. Usaha uliootesha Staphylococcus aureus peke yake ulitoka kwenye majipu ya ngozi, na wenye majipu hayo kwa kawaida hawakuwa na fistula.

Ushauri uliotokana na hapo ulikuwa wa vitendo. Mgonjwa aliyeota bakteria wa ngozi peke yao aachwe apone kwa amani. Aliyeota bakteria wa utumbo arudishwe, achunguzwe chini ya nusu kaputi, fistula itafutwe. Kwa kuwa kipimo ni cha kawaida na usaha uko palepale mkononi, ushauri huo ulienea, na mabaki yake ndiyo unayoyaona hadi leo kwenye fomu za maabara.

Mantiki yake ni nzuri. Tatizo lipo kwenye eneo lenyewe la mwili.

Kinachotokea kwenye sahani

Tufuate usaha kutoka kwenye kisu hadi kwenye karatasi. Daktari akichukua kwa kijiti chenye pamba, usaha kidogo hunywewa na pamba na hewa inaingia. Bakteria wasiopenda hewa, wakiwamo Bacteroides, huanza kufa njiani. Akivuta mililita moja au mbili kwa bomba la sindano kutoka ndani ya jipu kabla hajapasua, akatoa hewa, akaziba mdomo wake na kulipeleka haraka, picha itakayopatikana ni tofauti kabisa. Hata harufu ina habari. Usaha unaonuka vibaya sana kwa kawaida una bakteria wasiopenda hewa. Zamani harufu hiyo ilisingiziwa E. coli, lakini E. coli akiwa peke yake hana uvundo wa namna ile.

Maabara, tone hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Gram na kuangaliwa kwa hadubini. Hii ni kazi ya chini ya saa moja, na tayari huonyesha kama kuna bakteria wa umbo la vijiti au wa duara waliojikusanya mafungu. Kisha usaha hupandikizwa kwenye sahani za agari, rojo la kukuzia bakteria. Kwenye agari ya MacConkey, yenye sukari ya maziwa na kiashiria cha rangi, E. coli huota akiwa na rangi ya waridi kwa sababu anaichachusha sukari hiyo. Kwenye agari ya damu, Staphylococcus aureus hutokea kama matone manono ya rangi ya krimu au dhahabu. Kisha hujaribiwa kama anagandisha plazma, yaani majimaji ya damu, maana jamaa zake wengi wapole wa kwenye ngozi hawagandishi. Sahani nyingine huwekwa ndani ya chombo kisicho na oksijeni, na hiyo haifunguliwi mapema: siku mbili angalau, mara nyingi zaidi. Ndiyo maana majibu ya kwanza hutoka siku ya pili au ya tatu, na ya wasiopenda hewa baadaye kabisa. Maabara isiyo na chombo hicho haitamwona Bacteroides hata akiwa ndiye aliyejaa jipu zima.

Sasa weka pamoja mambo yanayoweza kuipotosha karatasi. Mgonjwa alimeza antibayotiki siku tatu kabla ya kupasuliwa, sahani zikatoka tupu. Kijiti kilipita juu ya ngozi, kikabeba kilichokuwapo juu. Maabara iliota aina nne au tano kwa pamoja na kuandika tu kwamba kuna mchanganyiko wa bakteria. Na kubwa kuliko yote: ngozi inayozunguka njia ya haja haikosi bakteria wa utumbo, hata kwa mtu msafi kuliko wote. Jipu lililoanzia kwenye kishimo cha unywele mahali hapo linaweza kabisa kuwa na E. coli bila kuwa na uhusiano wowote na tezi za ndani.

Hesabu inayobadilisha maana ya majibu

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kosa kubwa la kusoma kipimo hiki ni la hesabu. Nitatumia namba za mfano tu, si za utafiti wowote.

Chukua watu 100 waliopasuliwa jipu. Tuseme 30 kati yao watakuwa na fistula na 70 hawatakuwa nayo. Tuseme pia kipimo ni kizuri kwa kuwanasa wenye fistula: kati ya wale 30, bakteria wa utumbo wanaonekana kwa 27. Lakini kwa sababu tulizoziona, bakteria haohao wanaonekana hata kwa 28 kati ya wale 70 wasio na fistula. Jumla ya watu wenye karatasi iliyoandikwa E. coli au jamaa zake ni 55. Kati ya hao, wenye fistula kweli ni 27, yaani hata nusu hawafiki. Upande wa pili, watu 45 hawakuota bakteria wa utumbo, na kati yao wenye fistula ni watatu tu, mmoja katika kila kumi na watano.

Angalia kilichotokea. Kabla ya kipimo, kila mmoja alikuwa na uwezekano wa asilimia 30. Aliyeota bakteria wa utumbo amepanda hadi karibu asilimia 49, jambo ambalo haliwezi kuamua lolote: huwezi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji kutafuta kitu ambacho huenda hakipo, tena kwenye misuli inayomwezesha kuzuia haja yake. Asiyeota ameshuka hadi asilimia 7 hivi. Kwa hiyo nguvu ya kipimo iko upande wa kutuliza. Karatasi yenye Staphylococcus aureus peke yake, iliyotokana na usaha uliochukuliwa vizuri, ni habari njema. Karatasi yenye E. coli inakuacha karibu palepale ulipokuwa. Badilisha namba za mfano uone. Ilimradi bakteria wa utumbo wanapatikana kwa wengi wasio na fistula, sura ya jibu haibadiliki sana.

Kilichokishinda kipimo

Mwaka 1994, Lunniss na Phillips, nao wa Uingereza, walichapisha utafiti mdogo uliolinganisha mambo mawili kwa wagonjwa walewale: bakteria waliomo kwenye usaha, na kile daktari anachokiona akiifungua ile nafasi kati ya misuli miwili. Usaha ukikutwa humo, fistula ilikuwapo, usipokutwa, haikuwapo. Bakteria walisaidia, lakini jicho la daktari lilisaidia zaidi. Mwaka 2007 utafiti mkubwa zaidi kutoka Japani, wenye wagonjwa zaidi ya 500, ulitumia ultrasaundi inayoingizwa ndani ya mfereji wa haja. Nao ulikuta tofauti ileile ya bakteria kati ya wenye fistula na wasio nayo, na ukakuta vilevile kwamba picha inaitambua fistula vizuri kuliko maabara. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ambayo huonyesha mfereji na matawi yake kwa uwazi mkubwa, imelisogeza jambo hilo mbele zaidi.

Hii haina maana kwamba kila jipu lipigwe picha au kwamba nafasi ile ifunguliwe kwa kila mtu. Kuichokonoa misuli wakati nyama imevimba na inavunjika kirahisi ni hatari. Daktari mwenye haraka akisukuma kijiti cha chuma kutafuta tundu la ndani siku hiyo anaweza kutengeneza njia ambayo haikuwapo, yaani akamzawadia mgonjwa fistula aliyokuwa anaitafuta. Kazi ya siku ya kwanza ni kutoa usaha, kwa mkato uliowekwa karibu kadiri inavyowezekana na tundu la haja, ili hata fistula ikitokea iwe fupi.

Basi kuna haja ya kuotesha?

Kwa mtu mwenye afya aliyepata jipu la kawaida kwa mara ya kwanza, likapasuliwa vizuri, majibu ya kuotesha kwa kawaida hayabadilishi chochote. Yanafika wakati kidonda tayari kinapona. Yule wa tatu tuliyemtaja mwanzoni, ambaye usaha wake haukupimwa, huenda alitibiwa sawasawa kabisa.

Wapo ambao kwao kipimo kina kazi ya kweli, na kazi hiyo haihusu fistula hata kidogo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayeishi na VVU huku kinga yake ikiwa chini, anayepata matibabu ya saratani, anayetumia dawa za kupunguza kinga: hawa wanaweza kuhitaji antibayotiki haraka, na ni vyema kujua bakteria gani yumo na dawa ipi inamuua. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyekwisha kumeza dawa bila nafuu, kwa mwenye historia ya Staphylococcus aureus sugu kwa dawa, na kwa mtu ambaye wekundu unasambaa na homa inapanda. Kwa hawa sehemu ya thamani kwenye karatasi ni ile orodha ya chini inayoonyesha dawa zipi bakteria amezikataa.

Lingine ni jipu linalorudi au kidonda kisichofunga, na hapa naomba nisisitize kifua kikuu. TB inaweza kujificha kwenye kuta za fistula, hata kwa mtu asiyekohoa, na kipimo cha kawaida cha kuotesha usaha hakiioni kamwe kwa sababu vijidudu vyake havioti kwenye sahani zile kwa siku mbili tatu. Vinahitaji chakula chao maalumu na wiki kadhaa. Kinachotakiwa ni kipande cha nyama kutoka kwenye ukuta wa mfereji, kigawanywe: sehemu iende kukatwa na kuangaliwa kwa hadubini, sehemu ipimwe TB kwa kipimo cha vinasaba na kwa kuotesha. Kipande hichohicho ndicho kinachoweza kufichua ugonjwa wa Crohn au saratani. Mtu aliyepasuliwa mara mbili au tatu mahali palepale bila nyama yake kuwahi kupimwa ana haki ya kuuliza kwa nini.

Dawa je, zinazuia fistula?

Swali hili linagawa hata wataalamu. Jaribio la Uturuki lililochapishwa mwaka 2011 liliwagawa wagonjwa, wengine wakapewa antibayotiki baada ya kupasuliwa, wengine vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa hawakukingwa na fistula. Jaribio la Iran lililochapishwa mwaka 2017, lililotumia siprofloksasini na metronidazoli kwa siku saba, lilipata kinyume: fistula zilipungua. Uchambuzi uliojumlisha tafiti za namna hii uliegemea upande wa faida kidogo, lakini tafiti zenyewe hazina nguvu sawa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 kwa madaktari wa upasuaji wa utumbo mpana unabaki na msimamo wa tahadhari: antibayotiki ni kwa wenye maambukizi yaliyosambaa kwenye ngozi, dalili za mwili mzima, au kinga dhaifu.

Nauona msimamo huo kuwa wa busara. Wala antibayotiki si badala ya kisu. Usaha uliofungiwa hauna mishipa ya damu ya kutosha kuufikishia dawa, na mtu anayemeza vidonge wiki nzima akisubiri jipu liyeyuke mara nyingi analipatia tu muda wa kuchimba njia mpya.

Fistula ikishakomaa, habari inageuka kabisa. Mfereji wa zamani, ukichunguzwa, hukutwa na bakteria hai wachache kuliko mtu anavyotarajia. Kinachouweka wazi ni zile ngozi za ndani zilizojitandaza, uvimbe usiokwisha, na tundu la ndani linaloendelea kupokea uchafu. Ndiyo maana dozi baada ya dozi inakausha usaha kwa muda, kisha unarudi. Hapo suala ni la upasuaji. Fistula inayopita chini ya misuli au kwenye sehemu ndogo tu ya misuli inaweza kufunguliwa moja kwa moja. Inayopita kwenye misuli mingi huwekewa uzi unaopitishwa ndani ya mfereji na kufungwa kitanzi, usaha upate pa kutokea wakati mpango mwingine ukiandaliwa, kwa sababu kuikata yote kunaweza kumwachia mtu tatizo la kushindwa kuzuia haja.

Baada ya kupasuliwa

Kidonda cha kawaida hupungua kina wiki hadi wiki na kufunga ndani ya wiki chache, kutegemea ukubwa wake. Kukijaza shashi kila siku, desturi iliyowatesa wengi, kulijaribiwa Uingereza katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022: wasiojazwa walikuwa na maumivu kidogo kuliko waliojazwa, na fistula hazikuongezeka kwao. Kukaa kwenye maji ya uvuguvugu, kusafisha kwa maji baada ya haja, na kula na kunywa ili choo kiwe laini vinatosha kwa wengi.

Kuna hali ambazo hazisubiri miadi: homa na kutetemeka, wekundu unaotambaa kuelekea sehemu za siri au paja, ngozi inayogeuka nyeusi au kutoa malengelenge, maumivu makali kuliko kinavyoonekana kidonda, kushindwa kukojoa. Kwa mwenye kisukari hasa, hizo zinaweza kuwa dalili za maambukizi yanayoozesha nyama kwa saa, si kwa siku.

Zisizo za dharura lakini zinazohitaji kuonwa ni zile za fistula yenyewe: tundu dogo linalotoa usaha au majimaji yenye damu kwenye nguo ya ndani, linalokauka na kufunga kwa siku kadhaa, kisha linavimba, linauma na kupasuka tena palepale, au kidonda ambacho kimepita wiki sita hadi nane na bado kinavuja. Wengi huyachukulia haya kuwa bawasiri na kuyatibu kwa marhamu kwa miezi. Bawasiri hutoa damu na vinyama. Usaha unaorudiarudia mahali pamoja ni jambo jingine.

Kwa hiyo unapokwenda kuonwa baada ya upasuaji, usiishie kuuliza ni bakteria gani walioota. Muulize aliyekupasua: usaha ulikuwa upande gani na kina gani? Ulitoka kati ya misuli? Kuna tundu la ndani lililoonekana? Kama jipu hili limerudi, je, kuna kipande cha nyama kilichopelekwa maabara, na majibu yake yako wapi? Omba majibu hayo yaandikwe kwenye faili lako, kwa sababu daktari atakayekuona mwaka ujao anaweza asiwe huyu, na yeye atakuwa na kovu tu la kuangalia.